Gemu Iliyoniuliza Kama Mimi ni Mtu

Saa tano za usiku, mjini Lodwar. Stima ilikatika tangu magharibi, feni imenyamaza, na joto la mchana bado latoka ukutani. Nimekaa mlangoni na laptopu mapajani, betri imebaki asilimia kumi na tisa. Kwenye skrini kuna maandishi yanayonitaka nithibitishe kuwa mimi ni mtu. Nimejibu mara sita, na mara sita nimeambiwa jawabu langu halitoshi.

Ilikuwa ni mchezo tu. Lakini usiku ule nilihisi uchungu ambao sikuuhisi tangu nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, nimesimama kwenye foleni ya kitambulisho hapo kwetu Mombasa. Nataka leo niwaeleze wasomaji gemu hii ni kitu gani, yachezwaje, na kwa nini nadhani sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuielewa kuliko wengi.

Kwanza nijieleze. Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi ilinitoa Mombasa ikanipeleka Turkana, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, nikakaa Lodwar mwaka mmoja na miezi kadhaa nikienda na kurudi Kakuma. Mchana ni kazi na jua. Usiku, kwa mgeni asiye na jamaa, ni mrefu. Mpwa wangu alijua hivyo, na kabla sijaondoka alinitilia gemu moja kwenye laptopu, akaniambia, "Mjomba, hii haina bunduki na haitaki intaneti. Itakuweka."

Kweli iliniweka.

Ni gemu gani hii?

Jina lake ni The Talos Principle, yaani Kanuni ya Talos. Ilitoka Desemba 2014, na waliyoitengeneza ni Croteam, kampuni ya Kroatia. Hao kabla yake walijulikana kwa gemu za kupiga risasi za Serious Sam. Katika kutengeneza moja ya hizo walibuni kifaa cha kukwamisha mitambo, wakaona chenyewe chazaa mafumbo mazuri, na mafumbo hayo yakawa gemu nyengine kabisa. Hadithi yake iliandikwa na Tom Jubert na Jonas Kyratzes.

Talos ni jina la kutoka hekaya za Wagiriki wa kale. Alikuwa mtu wa shaba aliyekilinda kisiwa cha Krete, na mwilini mwake mlikuwa na mshipa mmoja tu uliozibwa kwa msumari. Msumari ulipong'olewa, uhai wake ukamwagika. Waandishi wa gemu walichukua hapo swali lao: ikiwa mtu wa shaba aweza kutembea, kulinda na kufa, sisi wa nyama na damu twamzidi kwa nini?

Ukianza kucheza, waamka bustanini. Mikono yako ni ya chuma. Wewe ni roboti. Pande zote kuna magofu: kwanza ya Kirumi na Kigiriki, baadaye ya Misri ya mafirauni, mwisho ya ngome na makanisa ya Ulaya ya zamani. Kwa mtu aliyekulia karibu na Gede na Jumba la Mtwana, kutembea baina ya kuta zilizobomoka si jambo geni. Hakuna mtu hata mmoja. Kuna sauti tu kutoka juu, nzito na ya upole, inayojiita Elohim. Yakwambia kwamba bustani zote ni zako, uzunguke utakavyo, ufumbue mafumbo yote, na mwisho utapewa uzima wa milele. Katazo ni moja: katikati ya nchi hiyo kuna mnara mrefu. Usiupande.

Mafumbo yenyewe

Kuna mafumbo zaidi ya 120. Kila fumbo ni uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta, na ndani yake kuna kipande chenye umbo maalumu ambacho wapaswa kukifikia. Vipande ukivikusanya wavipanga pamoja vikae sawasawa ndani ya fremu, na hapo mlango mwengine wafunguka. Vifaa ni vichache: kikwamishi cha kuzimisha milango na mitambo, kifaa cha kuelekeza mwali wa mwanga, boksi la kupandia, feni ya kukurusha, na baadaye kifaa cha kurekodi matendo yako mwenyewe ili usaidiwe na kivuli chako.

Nitoe mfano mmoja ili mambo yawe wazi. Mlango wa gemu hii si wa mbao. Ni pazia la mwanga lisilopitika. Mbele yake una vikwamishi viwili. Ukiweka kimoja chini na kukielekeza mlangoni, pazia lazimika na wapita. Ukikiokota, pazia larudi. Sasa ndani kuna vizuizi viwili vyengine, kwa hivyo wahitaji vikwamishi vyote viwili viwe ndani. Lakini kimoja lazima kibaki nje kuushika mlango. Wafanyaje?

Mimi nilikaa dakika arubaini. Jawabu ni hili: cha kwanza kiache nje kikiuelekea mlango. Ingia na cha pili. Ukiwa ndani, geuka ukielekeze hicho cha pili kwenye mlango ule ule ambao tayari uko wazi. Sasa mlango washikwa na viwili. Toka, okota cha kwanza, ingia nacho. Mlango haufungi kwa sababu cha pili chaushika kutoka ndani. Kisha okota cha pili. Pazia larudi nyuma yako na wewe una vyote viwili mkononi.

Ajabu yake ni kwamba hakuna kilichofichwa. Kila kitu kiko machoni pako tangu mwanzo. Kinachokuzuia ni dhana uliyoingia nayo, kwamba mlango ulio wazi hauna haja ya kufunguliwa tena. Mcheza bao atanielewa. Kete zote ziko wazi, hakuna karata iliyofichwa mfukoni, na bado mtu hushindwa kwa sababu ameyakodolea macho mashimo ya mbele akaisahau nyumba yake. Wazee wa Kiturkana niliowakuta Lodwar chini ya miti nao wana bao lao, mashimo ya mchangani na kokoto. Niliwatazama sana kuliko nilivyocheza, maana walinifunga haraka mno.

Kwa mafumbo hayo peke yake gemu ingekuwa nzuri. Lakini mafumbo si kiini chake.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Hapa na pale ndani ya magofu kuna kompyuta za zamani zilizounganishwa na maktaba iliyoharibika. Wafungua, wasoma vipande vya barua, shajara, mafunzo ya falsafa. Polepole wafahamu kuwa binadamu wote wamekufa kwa maradhi yasiyokuwa na dawa, na kwamba hizo ni karatasi zao za mwisho. Msimamizi wa maktaba hiyo ni programu iitwayo Milton. Ukitaka akufungulie zaidi, akwambia: lazima kwanza tuhakikishe kuwa wewe ni mtu.

Ndipo dodoso laanza. Mtu ni nini? Wachagua majawabu kutoka kwenye orodha. Hoja zake zaenda namna hii. Ukisema mtu ni mwenye akili, auliza: na mashine inayofanya hesabu kukushinda? Ukisema mtu ni mwenye mwili wa binadamu, auliza: kwa hivyo maiti ni mtu? Ukisema ni mwenye fahamu, auliza: na aliyelala hospitalini hajitambui, tumwondoe kwenye orodha ya watu? Kila jawabu lina tundu, na Milton hukumbuka yote uliyosema. Ukijibu leo kinyume cha jana, akuonyesha mgongano wa maneno yako na kukuuliza ni lipi la kweli.

Nilikuwa Turkana nikiulizwa hayo, na Turkana si pahali pa kulikwepa swali hilo. Ng'ambo ya ziwa na huku upande wa magharibi ndiko wanasayansi wanakochimba kutafuta asili ya binadamu. Nariokotome, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kilichowapeleka kwenye mifupa ya yule waliyemwita Kijana wa Turkana. Lomekwi palipatikana mawe yaliyochongwa ambayo mwaka 2015 wataalamu walitangaza kuwa ni ya miaka milioni 3.3. Kila mmoja ana itikadi yake juu ya habari hizo, nami sikuja kubishana. Nasema tu kwamba hata hao wenye darubini na nyundo wanabishana bado: ni kipi hasa kinachomfanya kiumbe aitwe mtu? Basi mimi fundi wa kompyuta, na betri asilimia kumi na tisa, ningelijibu kwa kuchagua herufi?

Foleni tunayoijua

Kilichoniuma si falsafa. Kilichoniuma ni mtindo wa kuulizwa.

Nilipokwenda kuomba kitambulisho, wenzangu wa bara niliosoma nao walichukua siku moja. Mimi na wenzangu wa mtaani tuliambiwa turudi na cheti cha baba. Tukarudi nacho, tukaambiwa cha babu. Babu yangu alizaliwa kabla ya mtu yeyote kijijini kwake kujua cheti ni nini. Nikaketishwa mbele ya watu watatu. Bibi yako kazikwa wapi? Kwa nini jina la tatu laandikwa hivi hapa na vile pale? Wasema mzee wenu ni wa Lamu, mbona wasema kama mtu wa Mombasa? Nilipobabaika mmoja akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sikujua ni nini, na hadi leo sijui. Kitambulisho kilichukua miezi kumi na mmoja.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi. Wamakonde wa Kwale walikaa Kenya vizazi na vizazi bila karatasi, mpaka mwaka 2016 walipotoka kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi ambao samaki wao tumekula maisha yetu yote, walingoja mpaka 2023. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa mchujo wa ziada uliokuwa ukiwakabili wakaazi wa kaunti za mipakani. Ni hatua. Lakini aliyewahi kuketishwa kwenye kiti kile hukaa nacho moyoni.

Basi Milton aliponiambia jawabu langu la leo halilingani na la juzi, nilifunga laptopu nikaenda kulala na hasira.

Kakuma

Siku chache baadaye nilikuwa na kazi Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi. Kambi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makaazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa mwaka 2016, ina watu karibu laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi na wengineo. Waandishi wa kizungu hupenda kusema kuwa jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo pahali". Sisi wenye lugha twajua kuwa hakuna neno kama hilo. Nalitaja kwa sababu ni mfano wa lile lile nisemalo: pahali pa watu laki tatu, na wengine wamejipa ruhusa ya kupaandika kuwa si pahali.

Kiswahili huko chasikika kila kona, ingawa si hiki chetu. Kazi ilipokwisha nilikwenda kuchaji laptopu kwenye kibanda cha kijana mmoja Mkongo mwenye paneli mbili za jua. Mamake alimleta kutoka Kivu ya Kusini akiwa na miaka sita. Nilipoiwasha, gemu ilikuwa pale pale nilipoiacha. Akasogea akatazama.

"Muzee, hii ni nini inakuuliza?"

Nikamweleza. Akacheka sana, mpaka mteja aliyekuwa akingojea simu yake akageuka.

"Haya maswali mimi nayajua," akasema.

Akaniambia jinsi yeye na mamake walivyoulizwa tangu wafike. Kijiji gani. Chifu nani. Mlivuka mto gani, mlikuwa wangapi, nani alikufa wapi. Waulizwa leo, waulizwa tena baada ya miaka mitatu, mtu mwengine, dawati jengine. Mamake aliwahi kutaja mwezi tofauti na ule aliotaja mwanzo, na faili likasimama. "Mama aliona vita, hakuona kalenda," akasema. Alama za vidole ndizo zinazompa chakula. Kutoka kambini kwenda hata Lodwar wataka pasi ya kusafiri. Na mwaka 2025, misaada ilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi makundi manne kulingana na mahitaji, na walioonekana wajiweza waliondolewa kwenye mgao. Kambini, kundi lako ni neno zito.

Kisha akarudi kwenye skrini, akaielekezea kidole.

"Sasa hii mashini yenyewe, yeye njo nani? Nani alimuandikisha yeye?"

Nilinyamaza. Usiku wote ule nilikuwa natafuta jawabu bora, na sikuwahi kuliuliza swali hilo.

Ufunguo

Asiyetaka kujua mwisho wa gemu aruke sehemu hii.

Nilirudi kwa Milton na swali la yule kijana, na nikagundua kuwa waliyoitengeneza gemu walilitia njia. Waweza kumgeuzia maswali. Waweza kumbana kwamba yeye anayekataa kila msingi wa kujua hana msingi wa kukukatalia wewe. Waweza kumwonyesha kwamba naye amejipinga. Hapo sauti yake hubadilika, na mazungumzo yawa baina ya wawili badala ya bwana na mwombaji. Hakuna jawabu sahihi lililofichwa kwenye dodoso. Kama ule mlango wa vikwamishi viwili, kinachokuzuia ni dhana uliyoingia nayo: kwamba mwenye kuuliza ndiye mwenye kutoa utu.

Na Elohim je? Nakiri mwanzoni jina hilo halikunipendeza, maana ni miongoni mwa majina ya Mungu katika Kiebrania, na si la kuchezewa. Mwenye shaka kama yangu namtuliza. Mwisho wa hadithi waonyesha kuwa sauti ile si Mungu. Ni programu iliyowekwa kusimamia bustani, nayo yaogopa, kwa sababu siku mtu akifika kileleni mwa mnara, bustani yazimwa na sauti yazimika nayo. Sikuona dhihaka ya dini hapo. Niliona onyo juu ya mwenye cheo anayezungumza kama kwamba yeye ndiye Mola.

Katika rekodi za sauti zilizotawanyika njiani, mwanasayansi wa kike, mmoja wa waliobuni mpango ule kabla ya binadamu kumalizika, aeleza shabaha yake. Walitaka kiumbe wa kurithi elimu ya watu. Mafumbo yalikuwa ya kupima kama ana akili. Lakini maoni yake ni kwamba akili ya kufumbua tu haitoshi. Asiyeweza kuhoji alichopewa ni mtumwa hodari, basi. Kwa hivyo mnara uliokatazwa ulikuwa ndio mtihani wenyewe. Waliotii waliahidiwa uzima wa milele, na kila mara programu iliwarudisha mwanzo. Aliyeupanda ndiye aliyetoka.

Hapo pana jambo la kuangalia, hasa kwa vijana. Gemu haisemi kila katazo livunjwe. Roboti wangu hakuupanda mnara siku ya kwanza. Aliupanda baada ya kufumbua, kusoma, kusikiliza na kupima. Mtoto anayemkatalia mzazi kwa sababu tu amekatazwa hajapanda mnara wowote.

Kijana mwengine wa kambini

Msomaji aweza kusema, haya ni mambo ya wazungu na laptopu zao, yatuhusu nini? Nimtajie Lual Mayen. Ni Msudani Kusini aliyezaliwa wazazi wake wakiwa katika kukimbia vita, akalelewa kambini kaskazini mwa Uganda. Mara ya kwanza kuona kompyuta ilikuwa kwenye kituo cha kusajili wakimbizi. Aliitaka. Mamake akaweka akiba miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia, na yeye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji na chakula njiani. Mwaka 2018 alitunukiwa katika tuzo za kimataifa za gemu, The Game Awards.

Nimeifikiria sana habari hiyo ya kituo cha usajili. Mezani kulikuwa na mashine ya kumuuliza mtoto yeye ni nani. Mtoto akaitazama mashine, akaitaka iwe yake, na baadaye akaitumia kuwauliza watu wengine maswali.

Ukitaka kuicheza

Mambo machache ya kukufaa. Gemu hii yapatikana kwa kompyuta, kwa mashine za michezo na kwa simu za aina kadhaa. Ukishaipakua haihitaji intaneti, kwa hivyo yafaa penye mtandao dhaifu. Ina Kiingereza kingi cha kusoma, na Kiswahili hakimo. Mzazi akicheza pamoja na mtoto, mmoja akishika na mmoja akitafsiri, faida ni mara mbili. Usikimbilie video za majawabu. Ukikwama, funga, kanywe kahawa, urudi kesho. Nusu ya mafumbo niliyoyafumbua niliyafumbua nikiwa natembea kando ya mto Turkwel, laptopu iko nyumbani. Na usimalize maswali ya Milton kwa haraka. Ndiyo gemu yenyewe.

Yule kijana wa Kakuma nilimwachia laptopu wiki tatu nilipokuwa na kazi nyengine. Niliporudi alikuwa ameshafika kileleni mwa mnara, mimi bado nasitasita chini. Nikamwomba anieleze kuna nini juu. Akakataa.

"Panda tu, Muzee. Utaona."

Nimerudi Mombasa sasa. Mwanangu atimiza miaka kumi na minane mwezi wa nane, na atakwenda kuomba kitambulisho. Nimemwekea tayari cheti chake, changu na cha mamake, na nimeandika kwa mkono pahali walipozikwa wazee wake wanne. Nimemwambia ajibu kila swali kwa adabu, maana kitambulisho ni haki yake na hatakipata kwa ugomvi. Lakini pia nimemwambia kwamba karatasi ile yathibitisha tu jambo ambalo lilikuwapo kabla yake. Wakimrudisha nyumbani siku ya kwanza, arudi akijua hivyo, na kesho yake aende tena.